Mdundo Huanzia kwenye Alteneta

Karibuni mafundi, na ninyi wenye magari. Hapa mezani kuna sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 niliyoipasua makusudi, maana wengi huifunga na kuiuza bila kuwahi kuona ndani yake.

Hii ni koni. Mgongoni mwake imegandishwa koili ya waya mwembamba, na koili hiyo huingia kwenye mwanya wa sumaku bila kuigusa. Umeme wa amplifaya ukienda mbele na kurudi, koili inasukumwa na kuvutwa, koni inaifuata, hewa inatikisika. Mpango huu wahandisi Rice na Kellogg wa kampuni ya General Electric waliuchapisha mwaka 1925, na mpaka leo ndio tunaoutumia.

Sasa koni ikiisukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta ya nyuma. Kwenye besi, mawimbi hayo mawili yakikutana yanamalizana. Ndiyo maana sabufa isiyo na boksi inahangaika tu, mdundo husikii. Boksi lililozibwa kote hutoa besi kavu, iliyoshikamana na ngoma. Lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, ila chini ya masafa lililopangiwa, koni inakosa cha kuizuia, inarukaruka hadi inachanika. Tundu halikisiwi, ndugu zangu. Wahandisi Neville Thiele na Richard Small walishatuwekea hesabu zake, na vipimo vinavyohitajika huja kwenye karatasi ndani ya katoni. Msiitupe.

Lakini kilichonileta hasa ni umeme.

Redio imeandikwa wati 50 mara nne. Injini ikiwaka, gari lina volti 14 hivi. Kwa spika ya omu 4, yaani ukinzani wake kwa umeme, volti hizo hutoa wati 20 na kidogo kwa kila chaneli, basi. Ndiyo sababu amplifaya ina sehemu ya kupandisha volti kabla ya kuzifikisha kwenye transista za kutolea sauti. Inapandisha volti, umeme haizalishi. Kila wati inayofika kwenye koili imetoka kwenye alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, au kwenye betri, na nyingine imepotea njiani kuwa joto.

Tupige hesabu. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, inatoa wati 500 halisi, na ufanisi wake ni asilimia 80. Inakula wati 625. Gawa kwa volti 14: karibu ampea 45. Alteneta ya gari dogo mara nyingi ni ya ampea 60 hadi 90, na taa, feni na pampu ya mafuta zinadai fungu lao.

Ampea 45 hizo zikipita kwenye mita 5 za waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, unapoteza karibu nusu volti. Kwenye waya wa milimita 25 za mraba hupotezi hata volti 0.2. Na ule waya wa bei rahisi, wa alumini iliyopakwa shaba, upotevu wake ni mara moja na nusu ya shaba tupu. Fyuzi iwe jirani na betri. Ikikaa nyuma karibu na amplifaya, waya ukichubuka njiani unawaka na fyuzi ni nzima.

Taa zikififia kila mdundo unapopiga, volti zinaanguka. Amplifaya inaishiwa, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na koili inapokea joto ambalo haikuundiwa. Hapo kijana hununua amplifaya yenye wati maradufu! Ataongeza desibeli 3 tu, sauti kidogo, tena kama umeme upo, na umeme ndio aliopungukiwa tangu mwanzo.

Na geni, kile kirungu cha kwenye amplifaya, si sauti. Inalinganisha amplifaya na redio, kwa hiyo iwekeni kwa mita ya kupimia volti. Kwa wati 500 na omu 2, zidisha upate 1,000, tafuta kipeuo cha pili: volti 31 na nusu hivi. Chomoa sabufa, zima besi za nyongeza, piga mlio wa hezi 50, redio iwe robo tatu ya sauti. Weka mita kwenye volti za AC (umeme geu), nyaya zake ziguse pale ulipochomoa sabufa, pandisha geni taratibu mpaka isome 31, halafu acha. Mita ninayo hapa. Anayetaka kujaribu asogee.