Sakinisha Ukiifikiria Siku ya Kusasisha

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie usakinishaji na usasishaji wa programu za seva zenye leseni, kwenye Windows, kwenye Linux na ndani ya kontena, yaani kifungashio kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Kubonyeza "endelea" mpaka mwisho mnakujua nyote, sitakaa hapo. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba ugumu wa kusasisha huamuliwa siku ile ya kusakinisha. Anayesakinisha ovyo leo anamwandalia mwenzake usiku mrefu mwakani, na mara nyingi mwenzake huyo hata hajaajiriwa bado.

Tuanze na leseni, maana ndiyo inayosahaulika. Mafundi wengi huiona kuwa karatasi ya wahasibu. Lakini programu nyingi huisoma leseni kila zinapowaka, na zikiikataa hakuna huduma, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kwa hiyo fundi lazima aisome mwenyewe, aanzie kwenye swali la nini kinahesabiwa. Nyingine huhesabu watumiaji, nyingine mashine, nyingine kori za prosesa, yaani vitengo vya kuchakata vilivyomo ndani yake. Windows Server, tangu toleo la 2016, kwa utaratibu wake wa kawaida huhesabu kori halisi za mashine, na seva hulipiwa kori zisizopungua 16 hata ikiwa nazo 8 tu. Ukiihamishia programu ya aina hiyo kwenye mashine yenye kori nyingi zaidi ili iende kasi, umebadilisha mkataba bila kumwambia mtu. Naomba swali hili liulizwe kabla ya vifaa kununuliwa.

Halafu angalia leseni imefungwa kwenye nini. Zipo zinazotambua seva kwa anwani ya kadi yake ya mtandao au kwa jina lake. Kwenye mashine ya chuma hilo halisumbui. Kwenye mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, linasumbua sana: ukinakili mashine, nakala kwa kawaida hupewa anwani mpya ya kadi ya mtandao, na programu inasema haikutambui. Kontena ndiyo zaidi, kwa sababu imeumbwa ili ifutwe na kuundwa upya wakati wowote. Faili la leseni likikaa ndani yake, litafutwa pamoja nayo. Liweke nje, kwenye hifadhi inayobaki, kisha liunganishwe kila kontena inapowashwa. Na kama leseni inatolewa na seva maalumu ya leseni kwenye mtandao, hakikisha poti yake, yaani mlango wake wa mawasiliano, iko wazi kwenye ukuta wa moto unaochuja mawasiliano ya mtandao, na andika mahali seva hiyo ilipo. Seva ya leseni iliyosahaulika pembeni ikizimwa, programu zote zinazoitegemea zitakwama, kila moja kwa ujumbe wake.

Kuna neno moja kwenye mikataba linalowaponza wengi: leseni ya kudumu. Kwa kawaida huambatana na haki ya kupata masasisho kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja. Muda huo ukiisha, toleo ulilonalo linaendelea kufanya kazi, lakini matoleo yaliyotoka baadaye si yako. Fundi hajui hilo, anapakua toleo jipya kabisa, analisakinisha, linaibadilisha hifadhidata iingie kwenye muundo mpya, kisha leseni inakataliwa. Sasa toleo jipya haliwaki kwa sababu ya leseni, na la zamani haliwezi kusoma data iliyokwisha kubadilishwa. Kinga yake inachukua dakika tano: linganisha tarehe ya kutolewa kwa toleo na tarehe ya mwisho ya masasisho katika leseni, kabla hujagusa seva.

Nije kwenye majukwaa yenyewe. Kwenye Windows, programu ya seva huandikishwa kama huduma inayowaka pamoja na mashine, na huduma hiyo hutumia akaunti fulani. Msiiwashe kwa akaunti ya msimamizi mwenye jina lake. Siku akibadilisha nenosiri hamtaona kitu, kwa sababu huduma tayari inaendelea. Mtaona siku ya sasisho, seva itakapowashwa upya na huduma ikakataa kuingia, na kila mtu atadhani sasisho ndilo bovu. Tengenezeni akaunti ya huduma peke yake, yenye ruhusa inazozihitaji tu.

Kwenye Linux mna njia mbili kuu. Ama mnatumia kifurushi kupitia zana za kusakinisha za mfumo, apt au dnf, ama mnafungua wenyewe kasha la faili chini ya saraka ya /opt. Mimi napendelea kifurushi kila kinapopatikana, kwa sababu mfumo unajua kila faili limetoka wapi. Ila kifurushi nacho kina desturi zake. Kwenye mifumo ya Linux ya familia ya Debian, ukiwa umebadilisha faili la mipangilio, kisakinishi husimama na kukuuliza ubakize lako au uchukue jipya. Kwenye familia ya Red Hat mara nyingi hakikuulizi: huacha lako, na huweka jipya pembeni likiwa na kiambishi .rpmnew. Yatafuteni mafaili hayo baada ya kila sasisho. Mipangilio mipya ya usalama inaweza kukaa humo miaka mingi bila kusomwa na mtu.

Tofauti kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni namna mifumo hii inavyolishughulikia faili linalotumika. Windows kwa kawaida hulifunga, hivyo hukubali kubadilisha tu baada ya kuzima huduma au kuwasha upya mashine. Inaudhi, lakini ukimaliza unajua umemaliza. Linux hukuruhusu uweke maktaba mpya, yaani faili la msimbo ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja, papo hapo, huku programu inayoendelea ikibaki imeshika ile ya zamani kwenye kumbukumbu. Diski inasema umesasisha. Kinachowahudumia watu bado ni cha jana. Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kuweka toleo la 1.0.1g hakukutosha. Kila huduma iliyokuwa imeipakia maktaba ile ilipaswa kuwashwa upya. Msiandike "imekamilika" kabla ya kuhakikisha toleo linalojibu ni lile jipya.

Mtaniuliza, tusasishe upesi kiasi gani? Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, kwa kasoro iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na likazikuta mashine nyingi hazijawekewa. Upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa muda mfupi. Kwa hiyo viraka vya usalama vianze siku hiyohiyo kwenye seva ya majaribio, kisha kwenye seva chache, kisha kwingine, ndani ya siku chache. Matoleo makubwa yenye vipengele vipya yanaweza kungoja.

Tazameni pia umri wa jukwaa. Waliochagua CentOS Linux 8, mfumo wa Linux wa bure, walitarajia huduma hadi 2029. Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba itakoma mwishoni mwa 2021. Programu yenu inaweza kuwa na leseni hai huku mfumo ulioibeba hauletewi tena viraka.

Mwisho ni njia ya kurudi nyuma. Nakala rudufu ya hifadhidata peke yake haitoshi. Pamoja nayo wekeni kisakinishi cha toleo la zamani, mafaili ya mipangilio, na faili la leseni au ufunguo wake, kwa sababu watengenezaji huondoa matoleo ya zamani kwenye kurasa zao za kupakua bila kuwauliza. Kisha irudisheni nakala hiyo kwenye mashine nyingine, mkiwa mmeshaangalia kama leseni inaruhusu seva ya majaribio. Baadhi huruhusu bure, baadhi hudai ufunguo wa pili. Muda urudishaji utakaochukua huko ndio muda wa kuwaomba watumiaji wenu mtakapotangaza kuzima huduma.