Ile karatasi ya mahudhurio

Asanteni, kaeni tu, na wale wa nyuma sogeeni mbele maana hii maiki haina nguvu.

Nianze na karatasi ya mahudhurio. Kuna siku nilienda kutoa maoni ya bajeti huko kwetu, ukumbi viti vya plastiki, soda na mkate, na kabla sijakaa nikaambiwa weka sahihi hapa, jina, nambari ya kitambulisho, simu. Mswada wenyewe ulikuwa mezani, kopi moja, Kizungu kitupu, mzee mmoja kando yangu akauliza kijana hii ni ya nini, nikamwambia mzee wangu hata mimi ndio naangalia. Tulipewa dakika mbili mbili, tukalia bei ya unga, tukalia barabara, tukarudi nyumbani. Baadaye ripoti ikasema wananchi walishirikishwa. Ushahidi? Sahihi zetu!

Na Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 118, inaliamuru bunge liwashirikishe watu kwa kazi zake. Sasa mnajua nani anakishika hicho kitu cha kushirikishwa kuliko sisi? Kampuni ya sigara. Wizara ya afya ilitoa kanuni za tumbaku za 2014, BAT Kenya ikaenda kortini 2015 na moja ya hoja zake eti umma haukushirikishwa vya kutosha, ikapigwa Mahakama Kuu, ikapigwa ya Rufaa, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ikapigwa tena Novemba 2019. Ilishindwa, sawa, lakini wewe unaweza kulipa mawakili miaka minne?

Halafu kuna pesa za kampeni. Sheria ya kuzidhibiti tunayo tangu 2013. IEBC, ile tume ya uchaguzi, ikaweka viwango vya mwisho vya matumizi 2021 vitumike kwa uchaguzi wa 2022, wabunge wenyewe wakavikataa. Haya, mheshimiwa aliyelipiwa helikopta akizunguka nayo, siku ya kupiga kura bungeni atashika simu ya nani kwanza, yako ama ya mwenye helikopta?

Tofauti ninayoiona ni hii: mtu wa kampuni haendi kwa kamati kulia. Anaenda na karatasi, kipengele fulani, futa neno hili weka hili. 2024 vijana walijaribu hiyo njia, wakausoma mswada wa fedha, ule wa kodi, kipengele kwa kipengele, wakaueleza kwa lugha za mama huko TikTok, na ile VAT ya 16% kwa mkate ikatolewa mapema. Yaliyobaki yakapita 25 Juni, kura 195 kwa 106, kesho yake rais akakataa kusaini, lakini watu walikuwa tayari wamekufa barabarani kwa maandamano, na mimi sitaki tungoje tena mpaka tufike hapo.

Sasa nimebeba kopi kumi za bajeti ya kaunti, nimelipia mwenyewe kwa saiba, msizitupe ovyo. Wewe dada wa kitambaa cha kijani chukua ukurasa 1 mpaka 12, hapo kwa afya. Nani ananichukulia maji?