Kipindi cha 58: Nazi 12

KHADIJA: Assalamu alaykum wasikilizaji. Kabla hamjaanza kutuandikia: punda wa Fumo aliyepotea ameonekana. Alikuwa hapa hapa Lamu, Mkunguni.

FUMO: Na amenenepa kwa mali ya watu.

KHADIJA: Leo nimekuja na karatasi. Nimeandika mambo matano ya kumlinda mtoto asigeuzwe mtumishi wa nyumba. Tena nimekuja na mbuzi.

FUMO: Ya kukunia nazi, jamani, si wa kuchinja. Iko hapa chini na nazi mbili. Sijaambiwa ni za nini.

KHADIJA: Utaambiwa. Jumanne nilikuwa kwa wifi yangu, kuna khitma. Saa nne asubuhi naingia uani, namkuta mtoto wa kike juu ya mbuzi, yuakuna. Namuuliza, wewe una miaka mingapi? Kumi na mmoja. Hata kichwa hakuinua. Nikahesabu vifuu: nazi 12. Za wali, za mbaazi, za samaki wa kupaka.

FUMO: Kwa khitma, 12 si nyingi.

KHADIJA: Si nyingi kwa nani?

FUMO: Kwa mtu ajuaye. Mimi hizo nazimaliza kwa nusu saa.

KHADIJA: Basi kaa. Mbuzi hiyo hapo.

FUMO: Sasa hivi? Tuko hewani!

KHADIJA: Kaa. Uso huku, meno ya mbuzi mbele yako. Fumo! Hivyo ulivyokaa wapanda punda.

(Vicheko. Nazi yavunjwa. Sauti ya kukuna yaanza.)

KHADIJA: Nimeanza kuhesabu dakika. Wifi aniambia, "Huyu ni mtoto wetu, ameletwa asome." Nikauliza, na leo shule imefungwa? Akanyamaza. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, na jina la yule mtoto sikulisikia likiitwa hata mara moja. Ni "wewe, lete maji", "wewe, sinia".

FUMO: Sasa nisikilize, nakuna huku nasema. Mimi wanijua. Nimetoka Faza na miaka tisa, nikaletwa Langoni kwa shangazi. Alfajiri nazungusha mahamri, nikirudi nateka maji, ndipo naenda shule. Jirani angempigia mtu simu, ningerudishwa Faza, na leo hukai na mimi hapa.

KHADIJA: "Ndipo naenda shule." Umesema mwenyewe.

FUMO: Nilikwenda, ndiyo, lakini…

KHADIJA: Yeye haendi! Na acha kukuna mpaka kwenye kifuu, waingiza weusi. Tui litakuwa rangi ya maji ya bandarini.

FUMO: Meno ya mbuzi hii mabovu.

KHADIJA: Mbuzi ya mamangu hiyo, adabu. Dakika nne, hujafika nusu ya nazi moja.

FUMO: Nachosema ni hiki. Kulea mtoto wa ndugu ni mila yetu. Hata ile Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua kafaala, malezi ya mtoto Kiislamu.

KHADIJA: Imeitambua, na nimeifurahia. Lakini kafaala ni umlee kama wako. Binti wa wifi ni rika moja na huyu. Alikuwa wapi Jumanne saa nne? Darasani. Na sare zake nani alizipiga pasi?

FUMO: …Hilo sijui.

KHADIJA: Wajua. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mtoto chini ya miaka 13 haajiriwi kwa namna yoyote. Kati ya 13 na 16, kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Huyu ana 11.

FUMO: Wifi yako atakwambia hakumuajiri, hamlipi.

KHADIJA: Ala! Kwa hivyo kutomlipa ndiyo kinga?

FUMO: Sikusema hivyo. Aah! Kidole.

KHADIJA: Kimekatika?

FUMO: Kimekwaruzika. Endelea.

KHADIJA: Yule mtoto vidole vyake vyote vina alama hizo. Mimi nataka kupiga 116, simu ya kusaidia watoto. Ni ya bure, mchana na usiku.

FUMO: Hapo ndipo sikubaliani nawe, dada. Kaa na wifi yako kwanza, mukiwa na mtu mzima wa ukoo. Aambiwe: mtoto Jumatatu awe shule. Ukianza na simu, mtoto atatolewa kwa aibu. Mamake aliyemleta hana kitu, mwezi ujao atampeleka kwa mwingine, labda Mombasa, kwa mtu usiyemjua. Hapa angalau wewe wamuona.

KHADIJA: Nikianza na kikao, nitaambiwa ndiyo, ndiyo, kisha nikirudi niambiwe amekwenda kwao kusalimia. Na mimi sitajua alipo. Na 116 si askari wa kuvunja mlango, Fumo. Wanakusikiliza, wanakuunganisha na ofisi ya watoto.

FUMO: Na mji huu ni vichochoro vya kupishana na punda ubavu kwa ubavu. Jina la nyumba litajulikana kabla ya isha.

KHADIJA: Lijulikane.

FUMO: Wasema hivyo kwa kuwa si ndugu yako wa damu.

KHADIJA: Na wewe wasema hivyo kwa kuwa ulikuwa na shangazi mwema.

(Kimya. Kukuna peke yake.)

FUMO: Wifi yako husikiliza kipindi hiki.

KHADIJA: Kila Alhamisi.

FUMO: Basi ushamaliza kikao na simu vyote pamoja.

KHADIJA: Sijamaliza. Mimi bado napiga.

FUMO: Na mimi bado nasema uanze na kikao. Haya, nazi moja hii, imekwisha. Dakika ngapi?

KHADIJA: Kumi na moja.

FUMO: Si kweli.

KHADIJA: Simu hii hapa, tazama. Kumi na moja mara kumi na mbili, hesabu mwenyewe.

FUMO: Saa mbili na… mgongo wangu, Bi Khadija.

KHADIJA: Na baadaye kuna kukamua, kifumbu, kuosha masufuria ya khitma nzima. Sasa, karatasi yangu. Jambo la kwanza…

FUMO: Muadhini amekohoa.

KHADIJA: Bado.

FUMO: Amekohoa kwenye spika, nimemsikia. Ni magharibi. Mambo matano hayaingii.

KHADIJA: Basi andikeni 116, mengine Alhamisi ijayo. Ile nazi ya pili nairudisha jikoni.

FUMO: Na hii niliyokuna?

KHADIJA: Mpelekee mkeo.

FUMO: Ataniuliza nani kaiharibu hivi.