Vepu Hadharani, Afande na Kifungu cha 49

Vijana, na nyinyi wazazi mlioketi pale nyuma, karibuni. Mada ya leo ni sigara za kielektroniki, hizo mnazoziita vepu, na yanayofuata pale afande anapokushika mkono ukiwa nayo mdomoni mbele ya watu. Tutashikilia sheria ya Kenya. Uganda na Ughaibuni tutapita mara moja tu, maana wengine wenu mnasafiri.

Kuvuta mahali pa umma ni kosa, na hakuna hapa atakayewaambia vinginevyo. Lakini ni kosa dogo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inatoa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ishikeni hiyo miezi 6. Kifungu cha 49(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Yaani Katiba yenyewe imeshakutoa rumande kabla hujatafuta wakili. Inatuuma kuona vijana wakiuza simu ili kununua uhuru ambao tayari ni wao.

Sasa, je, vepu ni tumbaku? Mtaani mabishano hayaishi hapo. Sheria ile iliandikwa wakati watu walijua sigara ya kuwashwa kwa kiberiti. Lakini maana yake ya bidhaa ya tumbaku inachukua pia kitu kilichotokana na dondoo la majani ya tumbaku, na nikotini iliyo katika vimiminika vingi vya vepu hutoka huko. Kwa hiyo afande ana pa kusimamia anapokushtaki. Wewe nawe una pa kujitetea: kwamba hakuna moto wala moshi, ni mvuke, kwamba kimiminika chako hakina nikotini, kwamba upande wa mashtaka haujaleta ripoti ya maabara kuonyesha kilichomo. Hoja hizo zote ni za hakimu. Ukizimwaga barabarani saa mbili usiku hazikusaidii, zinamkasirisha tu mtu mwenye pingu. Mwaka 2024 muswada wa kurekebisha sheria hii ulipelekwa Seneti ili bidhaa hizi zitajwe kwa jina, na hilo peke yake linaonyesha kwamba maandishi ya 2007 yana pengo.

Msidharau pengo la aina hiyo. Januari 2024, mahakama ya Shanzu kule Mombasa iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni za marufuku za 2017 hazikuwa zimepitishwa kama sheria inavyotaka. Waliookoka ni wale ambao kesi yao ilifika mbele ya hakimu. Aliyetoa kitu kidogo kando ya barabara hakupata nafasi hiyo.

Mahali pa umma ni wapi? Ofisi na ngazi zake, lifti na vyoo vyake, hospitali, shule, mahakama, nyumba za ibada, hoteli, baa, soko, maduka makubwa, matatu, treni, stesheni, uwanja wa ndege. Hata kituo cha polisi chenyewe kimo. Mwenye baa anaweza kutenga sehemu ya wavutaji, lakini iwe imetengwa kwelikweli: hewa yake isiingie kwa wengine, iwe na maandishi, na mtoto asiingie. Kiti cha plastiki pembeni mwa mlango wa jikoni hakijawa sehemu ya wavutaji kwa sababu meneja amesema hivyo. Na ukiona sahani ya majivu mezani, usidhani ni ruhusa.

Haya, umeshikwa. Kwanza, zima kifaa na ukiweke mahali kinapoonekana, usikitupe. Kukitupa kunamfanya afande ajiulize ndani kulikuwa na nini. Mikono iwe wazi. Uliza kwa adabu: "Afande, ninakamatwa? Kwa kosa gani?" Kifungu cha 49 kinamlazimu akuambie sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na akuambie kwamba una haki ya kunyamaza. Tazama kifuani pake. Polisi aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Ikariri. Ukiwa na mwenzako, yeye ndiye aiandike pamoja na saa, mahali na nambari ya gari, huku amesimama kando. Asiingie katikati.

Hili la kuingia katikati lina sababu nzito. Ile ngao ya miezi 6 inapasuka kwa urahisi, na mara nyingi anayeipasua ni mshtakiwa mwenyewe. Ukivutana na afande, ukamsukuma au ukakimbia, shtaka linageuka kuwa la kumzuia polisi kazini, kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na hapo adhabu inapita miezi 6 kwa mbali. Umetoka chini ya kifungu cha 49(2) kwa mikono yako mwenyewe. Hata ukishtakiwa kwa kuzua fujo chini ya kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, bado kifungo hakizidi miezi 6 na ngao ipo. Kwa 103, haipo.

Kitu cha pili kinachoipasua ni mafuta ya bangi. Kichupa kisicho na lebo, ulichonunua kwa rafiki wa rafiki, kinakuhamisha kutoka sheria ya tumbaku hadi sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na huko hatuzungumzii miezi tena. Hata kama ndani ni ladha ya embe tu, ukosefu wa lebo unampa afande sababu ya kushuku, nawe utasubiri ripoti ya Mkemia wa Serikali. Basi weka risiti, na kimiminika kikae katika chupa yake yenye maandishi.

La tatu ni hongo, na hapa tunawaomba mtusikilize kwa moyo. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea: hadi miaka 10, au shilingi milioni 5, au vyote. Ukituma elfu mbili kwa simu ndani ya mariamu, lile gari la polisi, umeacha rekodi yenye jina lako, saa na dakika, kwa kosa kubwa mara nyingi kuliko lile la mvuke. Ukiambiwa "ongea vizuri basi", jibu ni moja na halina matusi: "Afande, twende kituoni niandikwe." Mara nyingi safari huishia hapo hapo. Isipoishia hapo, twende kweli.

Tusogee kaunta ya kituo, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika kimyakimya. Kukamatwa kwako kuandikwe katika kitabu cha matukio, OB. Nambari ya OB inasomeka hivi: nambari ya tukio, siku, mwezi, mwaka. Mfano 41/14/03/2025 ni tukio la 41 la tarehe 14 Machi. Omba nambari hiyo na uitume nyumbani kabla simu haijachukuliwa. Mtu asiye na nambari ya OB hutafutwa vituo vitatu usiku kucha, kila kaunta ikisema hayupo. Kisha vitu vyako: mkanda, kamba za viatu, pochi, simu. Vihesabiwe mbele yako, viandikwe, ndipo utie sahihi. Kuhusu vepu yenyewe, omba iandikwe aina, rangi, na kimiminika kimefika wapi, nusu au robo. Baadaye hutaki kuonyeshwa mahakamani kifaa chekundu ilhali chako kilikuwa cheusi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa heshima, na hilo limo katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Neno la siri la simu hulazimiki kulitoa kaunta. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako.

Maelezo ya kuandikiwa: sema jina lako, nambari ya kitambulisho, unakoishi. Yaliyobaki, sema utayasema ukiwa na wakili. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma hadi mwisho.

Halafu dhamana. Dhamana ya polisi ni bure, na polisi wenyewe wameibandika hiyo kwenye mabango vituoni. Mkuu wa kituo anaweza kukuachilia kwa ahadi yako tu, au kwa mdhamini anayekuja na kitambulisho. Akitaka dhamana ya pesa taslimu, hiyo si ada, ni amana: unapewa risiti yenye jina lako, kiasi, na tarehe ya kufika mahakamani. Pasipo risiti, pesa haitoki mfukoni. Mlete mdhamini mapema, akiwa amevaa kwa staha na ana nauli ya kurudi siku ya kesi.

Mbona tunasisitiza mapema? Kwa sababu ya kamatakamata ya Ijumaa. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ukishikwa Ijumaa saa moja jioni, saa 24 zinaishia Jumamosi jioni, na polisi anaweza kukufikisha Jumatatu bila kuvunja Katiba. Siku tatu kwa sababu ya pumzi moja ya mvuke! Kifungu cha 49(2) kinakutoa rumande ukifika kwa hakimu. Usiku wa Ijumaa kinachokutoa seli ni dhamana ya kituo. Jamaa zako wasilale. Wamwombe mkuu wa kituo mwenyewe, na wamwambie wazi kwamba kosa halizidi miezi 6. Akikataa, waombe sababu, na waandike aliyewajibu ni nani.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 ana njia yake. Mzazi aitwe, asichanganywe seli na watu wazima, na aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya 2022. Lakini wazazi, aliyemuuzia vepu mtoto wako ana kesi yake. Uliza ilinunuliwa duka gani.

Sasa mahakamani. Karani anasoma shtaka, kisha anauliza: "Ni kweli au si kweli?" Hapa watu wanaangamia kwa maneno mawili. Kijana amechoka, hajaoga, anataka kwenda zake, anasema "ni kweli" akidhani atalipa kidogo aondoke. Hilo "ni kweli" ni kukiri kosa. Ni hukumu yenye jina lako, na inaweza kujitokeza siku unapoomba cheti cha tabia njema kwa kazi ya Dubai au ya ulinzi hapa nyumbani. Kama hukubali, sema "si kweli", basi, bila hotuba. Kama unakubali lakini kuna jambo, liseme: "Nilikuwa na kifaa, lakini sikuwa ndani ya jengo." Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 iliweka utaratibu ambao mahakimu wanaufuata hadi leo: shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa, maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema, mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, nawe uulizwe kama unayakubali. Ukiyapinga, au ukieleza jambo linaloondoa kosa, hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Watu wengi huitikia "ndiyo" maelezo yakisomwa, hata yakitaja sehemu ambayo hawajawahi kufika. Sikiliza kila neno. Lugha ikikupita, omba mkalimani.

Ukishakana, simama na useme: "Mheshimiwa, kosa hili halizidi miezi 6. Naomba kifungu cha 49(2) kizingatiwe." Sentensi hiyo haihitaji wakili.

Ukipatikana na hatia, shilingi 50,000 ni ukomo, si bei. Eleza hali yako: kosa la kwanza, masomo, kazi, watoto. Omba kama inawezekana utumikie jamii badala ya jela. Sheria ya 1998 inamruhusu hakimu kufanya hivyo kwa makosa kama haya.

Kuhusu kulalamika: polisi aliyekupiga au kukufungia bila OB, peleka kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, simu 1559 bila malipo. Aliyedai hongo, EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, 1551. Malalamiko yanasimama kwa vitu vinne tu: jina au nambari ya afande, saa, mahali, na nambari ya OB. Kama umeumizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya wiki, uvimbe ukiwa umeshapoa.

Wasafiri, kwa ufupi. Ukivuka Busia au Malaba, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015 inapiga marufuku kuingiza na kuuza vepu, iache nyumbani. Singapore hata kuwa nayo mfukoni ni kosa tangu 2018. Oman na Qatar zimepiga marufuku kuuza, ilhali Falme za Kiarabu zinaruhusu tangu 2019, basi anayeunganisha ndege asidhani Ghuba ni sheria moja. Ndani ya ndege kifaa kinakaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalopakiwa chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto chini hakuna wa kuiona.

Kuna aliyeuliza pale mlangoni kuhusu ile amana, inarudi vipi. Kesi ikiisha, hata kama umepatikana na hatia na umelipa faini, dhamana ya pesa taslimu ni yako. Rudi na risiti halisi, kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye risiti, na nambari ya kesi. Mara nyingi amana ya kituoni huwa imehamishiwa mahakamani pamoja na faili, kwa hiyo anza kwa kuuliza karani wa mahakama iko wapi. Kama mjomba ndiye aliyelipa, risiti iwe kwa jina la mjomba tangu mwanzo, la sivyo atapigishwa njia kutoka dirisha hadi dirisha. Ipige picha risiti siku ile ile; wino wa baadhi ya mashine hufifia kesi ikichukua mwaka.