Iktiosauri wa Doncaster: jinsi spishi mpya inavyotambuliwa

Haya watazamaji, mifupa mnayoiona kwenye picha ni ya iktiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo kama la pomboo, aliyeishi enzi ya Jurasiki. Ilitoka pwani ya Dorset, Uingereza, ikakaa miaka katika jumba la makumbusho la Doncaster ikidhaniwa ni nakala ya plasta. Mwaka 2008 Dean Lomax, kijana wa miaka 18, akaisogelea. Kumbe kisukuku halisi! Tufuate njia aliyopita.

Kwanza, hakikisha mifupa yote ni ya mnyama mmoja. Wauzaji wa karne ya 19 hawakuona haya kuunga vipande vya huyu na yule ili mzigo upate bei. Kagua maungio, tafuta gundi na rangi.

Pili, kundi. Shika pingili moja ya uti wa mgongo. Ni bapa kama kizibo cha soda, tena imebonyea pande zote mbili? Iktiosauri huyo. Ukikuta shingo ndefu yenye pingili chungu nzima, una plesiosauri, mtambaazi mwingine wa baharini. Video hii si yako.

Tatu, jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Tazama kasia la mbele, kiungo chake cha kuogelea. Mifupa midogo imebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kasia la jenasi ya Ichthyosaurus ni pana, na safu mojawapo ya vidole hugawanyika njiani ikawa mbili.

Nne, spishi, na hapa ndipo watu huteleza. Urefu wa mwili usikudanganye. Mtoto na mzazi hawalingani. Lomax na mwenzake Judy Massare walishikilia mifupa miwili: ule wa juu wa kasia la mbele, na wa paja. Umbo lake lilikuwa geni. Lakini mfupa mmoja wa ajabu huenda ni ugonjwa, au umepondwa na mwamba. Wakazunguka makumbusho wakipima vielelezo vingine, mpaka umbo lilelile likajirudia.

Tano, jina. Mwaka 2015 walichapisha Ichthyosaurus anningae, kwa heshima ya Mary Anning, mchimbaji visukuku wa Lyme Regis. Ile -ae mwishoni ni kwa sababu ni mwanamke. Mwanamume angepewa -i.

Sasa anayedai amempata mwingine wa spishi hii hana budi kumlinganisha na yule wa Doncaster, kwa kuwa ndiye kielelezo cha rejea cha spishi, “plasta” ya jana.