Kapeti la gari lililoloa: kwanza tafuta maji yanakopita

Mhadhara kwa mafundi na wamiliki wa magari, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Nimeitwa kuzungumzia kubadilisha kapeti lililoloa kwenye gari la porini la zamani, na nilipoitwa nilicheka kidogo, maana kubadilisha kwenyewe ni kazi ya siku moja na nusu. Mwenye spana chache na subira anaiweza. Nimekuja kusema yale yanayotangulia siku hiyo, na ninayasema kwa haki kabisa, kwa kuwa niliwahi kumbadilishia mteja mmoja kapeti mara mbili ndani ya masika moja. Nitafika huko.

Gari lilikuwa Land Cruiser 80, zile zilizoanza kutoka 1990. Mama mwenye gari akaniambia, "Fundi, gari linanuka kama soksi za bweni." Nikainama, nikapapasa kapeti kwa kiganja upande wa abiria wa mbele. Kavu. Nikamwambia labda watoto walimwaga maziwa. Hakunijibu. Aliweka kisigino chake pale pale nilipopapasa, akakandamiza, maji yakachuruzika pembeni mwa kiatu kama mtu aliyekanyaga majaruba.

Tuanzie hapo. Kapeti la gari si zulia la sebuleni. Juu kuna yale manyoya tunayoyaona. Chini yake, kwenye magari mengi ya aina hii, kuna tabaka zito kama mpira, na chini zaidi kuna felti, yaani nguo chakavu zilizosagwa zikashindiliwa, kazi yake kupunguza kelele na joto la ekzosi. Maji yakifika sakafuni hunyonywa na felti. Yakitaka kupaa kwa jua, lile tabaka la mpira linayarudisha. Ndiyo maana juu unakuta vumbi na chini unakuta kisima, na bati la sakafu limekaa katikati ya kisima hicho miezi sita. Kwa hiyo usipapase juu. Ng'oa ile plastiki ya kizingiti cha mlango, ingiza vidole chini ya felti mpaka uguse bati.

Wazee wataniambia gari la porini lilianza bila kapeti, na ni kweli. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa chombo cha shamba. Hata Range Rover ya 1970, pamoja na heshima yake yote, ilitoka kiwandani na viti vya plastiki na sakafu ya kupigwa mpira wa maji. Kapeti liliingia magari haya yalipoanza kupeleka watoto shule na mabosi kazini. Sina ugomvi nalo. Ukienda Dodoma na dizeli la zamani lisilo na kapeti, utafika unazungumza kwa kupiga kelele.

Sasa maji yanatoka wapi. Hapa tutakaa kidogo.

Sisi wa huku tuna kipimo ambacho watu wa nchi za mvua hawana, nacho ni vumbi. Kiangazi, kabla hujaosha gari lililotoka porini, fungua milango utazame kingo zake. Raba ikibana vizuri inaacha mstari safi. Pale isipobana utaona vumbi limepita, limelala ndani kama ulimi. Vumbi lilipopita Septemba, maji yatapita Aprili. Nawaomba vijana wa gereji, gari likija na vumbi msikimbilie kuliosha, lisomeni kwanza.

Halafu kuna majani. Chini ya kioo cha mbele, pale wiper zinapokaa, kuna mfereji wa kupokea maji ya kioo na kuyatoa pembeni. Gari linalolazwa chini ya mjakaranda, maua yakidondoka, mfereji ule unakuwa bustani. Nimewahi kukuta humo mche uliokwishatoa majani mawili. Mfereji ukiziba, maji hupanda mpaka kwenye tundu la hewa la hita na kushuka kwenye miguu ya abiria. Gari lenye dirisha la paa ni hivyo hivyo: lile dirisha halikutengenezwa lizuie maji yote, limezungukwa na kijifereji chenye mirija inayoshuka ndani ya nguzo za bodi. Mrija ukiziba au ukichomoka, maji yanatokea mbali kabisa na dirisha, na fundi anahangaika na raba ya mlango isiyo na kosa.

Matundu tuliyotoboa wenyewe ndiyo mengi kuliko yote. Antena ya redio ya mawasiliano, keria ya juu, snokeli (lile bomba la kupandisha hewa ya injini juu), paa la kunyanyuka la watalii. Kila boliti iliyopita kwenye bati bila raba na gundi yake ni bomba la maji.

Kuna maji yasiyotoka mvuani. AC ikifanya kazi inatoa maji, na kuna mrija wa kuyapeleka chini ya gari. Ukiziba kwa vumbi, na huku unaziba sana, maji hurudi ndani. Dalili yake ni rahisi: kapeti linaloa siku za jua kali, na chini ya gari hakuna lile dimbwi dogo mlilolizoea. Hita nayo ina maji ya injini. Vitabu vinasema ukiona utelezi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti ya hita inayovuja, yaani dawa ya kupozea injini. Sawa, lakini nusu ya magari yanayokuja kwangu yana maji ya bomba kwenye rejeta, hayatelezi wala hayanukii. Kwa hayo tazama rangi ya kutu kwenye kapeti, tazama ukungu unaoganda kioo cha mbele kwa ndani, na uulize mwenye gari anaongeza maji mara ngapi. Na msisahau kwamba baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, yenye mipira yake ya maji. Mteja hajui kama anayo. Tangu alinunue gari hajawahi kuiwasha.

Kupima, tumia mpira wa kawaida wa bustani, usitumie ile mashine ya presha, maana presha inapitisha maji hata pale pasipovuja. Ng'oa kapeti, kausha bati, tandaza magazeti au paka poda ya mtoto sakafuni na kwenye nguzo. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje. Anzia chini. Chini ya mlango, dakika tano au kumi, nyamaza, sikiliza. Kisha usawa wa kitasa, kisha kioo, mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Poda ndiyo itakayokuchorea njia: tone likipita linaacha mstari, nawe unaufuata mstari kurudi nyuma mpaka kwenye chanzo.

Laiti ningefanya hivyo kwa yule mama. Nilimletea kapeti la mtumba la Japani, zuri, la kijivu, nikafunga. Mvua ya wiki moja, akarudi. Nikahukumu kioo cha mbele, nikakizungushia silikoni pande zote, nikatafuta kapeti lingine. Akarudi. Mara ya tatu sikugusa chombo. Nilikaa kwenye kiti cha abiria na tochi mvua ikinyesha, karibu saa nzima, na hatimaye nikaliona tone. Lilichungulia kwenye kona ya chini ya paneli ya mlango, likanenepa, likadondokea kizingiti na kupotelea chini ya kapeti.

Ndani ya mlango maji yanaruhusiwa kuingia. Wengi hawalijui hili. Kila mvua hupita pembeni mwa kioo, hushuka ndani ya mlango na kutoka kwa vitundu vya chini. Kati ya bati la mlango na ile paneli kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata, na ncha yake ya chini imeingizwa ndani ya mlango ili tone lirudi mlangoni badala ya kuja kwako. Nikafungua paneli ya yule mama. Nailoni imechanwa, imekunjwa juu, imeshikizwa na selotepu. Selotepu ile niliijua. Miezi minane nyuma nilikuwa nimetengeneza mota ya kioo cha mlango ule ule, jioni, nina haraka.

Makapeti yote mawili nililipa mimi.

Tukishapata chanzo, kung'oa hakuna maajabu. Gari lenye eabegi, yaani mifuko ya hewa ya ajali, ondoa betri kwanza, subiri kama robo saa kabla ya kugusa soketi za manjano zilizo chini ya viti. Viti vinatoka, kisha sanduku la katikati, raba za gia, plastiki za vizingiti, boliti za chini za mikanda. Kila boliti weka kwenye kopo lenye jina lake. Kapeti lililoshiba ni zito kama maiti, muwe wawili, na mlikunje kuelekea mlangoni, msilivute juu likapasuka kwenye gia. Manyoya mnaweza kuyafua kwa sabuni na kuyaanika. Felti iliyooza tupeni, haifuliki. Na kama kazi inaweza kungoja, msiifanye Juni. Juni hapa kwetu jua linachungulia saa saba na kuondoka saa nane, felti itakaa wiki mbili kwenye kamba na bado inatoa machozi.

Sakafu ikiwa wazi, ndipo mtajua gari lina umri gani kweli. Chukueni bisibisi mgongegonge kwa mpini. Bati zima linalia, bati lililokufa linajibu kama kadibodi. Kutu ya juujuu, brashi ya waya, dawa ya kubadili kutu, praima, rangi, na gundi ya maungio kwenye mishono. Bati lililotoboka likatwe mpaka kwenye chuma kizima, lichomelewe jipya. Fundi bodi asianze kuchomelea kabla hajalala chini ya gari kutazama mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi. Nyaya nazo hupita pembezoni mwa sakafu. Soketi yenye ukungu wa kijani isafishwe leo, la sivyo mwezi ujao taa ya nyuma itazimika na fundi umeme atapasua dashibodi kutafuta kitu kilicho chini ya mguu wa dereva.

Naam, kijana pale nyuma. Anauliza kama si afadhali kutoboa matundu machache maji yatoke yenyewe. Nimeyaona magari ya hivyo. Kiwandani waliacha matundu yenye vizibo, na bodi ikitolewa kwenye rangi ndimo inamochujia. Chomoa kizibo, maji yatoke, rudisha kizibo. Tundu la kwako la drili linaingiza vumbi, linaingiza moshi wa ekzosi, na siku ukivuka korongo linakuletea mto mzima miguuni. Kando zake hazina rangi, kutu inaanzia hapo.

Kuhusu kapeti jipya, fundi viti mzuri anaweza kukushonea kwa kutumia la zamani kama kielelezo. Wengine mtataka raba tupu kama ya pikapu za kazi. Ni nzuri kwa tope, ila nayo maji yakiingia chini yake hayatoki, kwa hiyo haifuti chochote katika niliyosema. Anzeni kulaza kwenye mgongo wa katikati, jua lililegeze, kisha pande. Tundu la boliti msilikate duara, chaneni msalaba mdogo. Kisha lala sakafuni utazame, mtu mwingine akandamize pedali ya mafuta mpaka mwisho, aiachie, arudie mara kumi. Mwaka 2009 Toyota waliita magari kwa mamilioni huko Marekani kwa sababu ya mikeka iliyoweza kunasa pedali ya mafuta, na hiyo ilikuwa mikeka tu. Felti nene ya mtaani chini ya pedali inaweza kufanya vivyo hivyo.

Na msirudishe plastiki za vizingiti siku hiyo hiyo. Weka gazeti chini ya kapeti kila kona, mwambie mteja arudi baada ya mvua ya kwanza. Gazeti la yule mama nililichomoa Mei. Lilikuwa na vumbi kidogo tu, na habari za mpira zote zilisomeka.

Maswali mengine tutajibiana uani. Lile Prado jeupe nimeshalifungua viti na kapeti, mwenyewe anasema linavuja mbele kushoto na hajui wapi, nami pia sijui. Mmoja wenu aingie na tochi. Mwenye mpira afungulie maji, na aanzie chini.