Bambo, Gunia na Sahani Nane

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Morogoro mkafika.

Nimekuja na kitu mkononi. Wafanyabiashara wa Tandale mnakijua: bambo. Kwa wasiokijua, ni kichuma chenye ncha na mfereji katikati. Unachoma gunia ubavuni, punje zinateremka hadi kiganjani, unaangalia chenga, unatafuta mawe, unanusa. Gunia la kilo mia linahukumiwa kwa mchele usiojaa kikombe. Hiyo ndiyo elimu ya takwimu, na ningeweza kuwaruhusu mwende zenu sasa hivi, ila wenyeji wetu wameshaweka chai jikoni.

Mnunuzi mzoefu hachomi mdomoni mwa gunia. Muuzaji naye anajua kwamba bambo lipo, kwa hiyo mchele uliochambuliwa huukalisha juu na chenga huzilaza chini. Anayechota juu, hata akichota debe zima, amepima pambo. Anayechoma mara tano, juu, kati, chini na pembeni, anaondoka na punje chache zenye habari ya kweli zaidi. Na kama mzigo ni magunia mia mbili, hakubali kuchaguliwa la kuchoma. Anayapa namba, anapiga kura. Hiyo ndiyo sampuli nasibu: kila gunia lina nafasi inayojulikana ya kuangukiwa na kura, na hakuna anayelipendelea, hata mnunuzi mwenyewe.

Kosa la kuchota debe juu lilifanywa Marekani mwaka 1936, na wasomi wanalicheka mpaka leo. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10 hivi kuuliza nani atakuwa rais. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Alfred Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya ukata mwenye simu na gari hakuwa mlalahoi. Tena wengi waliopata kadi hawakuzirudisha, na waliojihangaisha kurudisha wana hasira zao au mapenzi yao. Mpima maoni George Gallup, aliyeuliza watu wapatao 50,000 tu, alimtaja mshindi sawasawa. Msicheke sana, lakini. Nenda kasimame kituo cha mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, uliza watu 500 wanasafiri kwa usafiri gani. Utarudi ofisini na ripoti kwamba Dar es Salaam nzima haijui daladala.

Ukubwa wa sampuli una kazi yake, ila si ile mnayoidhania. Ukiuliza watu 100 waliopatikana kwa kura, asilimia unayopata huweza kupishana na ukweli kwa pointi kama 10 hivi. Watu 1,000, pointi 3. Ukitaka pointi 1 tu, andaa nauli ya kuwafikia watu 10,000. Kinachoshangaza wengi ni kwamba hesabu hiyo karibu haibadiliki ukipima Dar, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu watu 5,383,728, au ukipima nchi nzima, watu 61,741,120. Bambo halirefuki kwa sababu ghala ni kubwa.

Sasa tuje kwenye kupima madai. Tuseme kuna mama lishe anayeapa kwamba akionja wali anajua kama mchele ni wa Kyela au wa kwingine. Utamwamini? Tunampa sahani nane, nne za Kyela, nne si za Kyela, zimechanganywa kwa kura, na anaambiwa atoe nne za Kyela. Tunaanza kwa kumkatalia: tunashika nadharia tete, yaani dhana ya kuanzia inayosubiri kupimwa, kwamba mama anabahatisha tu. Halafu tunauliza, kama ni kubahatisha, angepatia zote mara ngapi? Njia za kuchagua sahani nne kati ya nane ni 70, na iliyo sahihi ni moja. Moja kwa sabini, yaani asilimia 1.4. Akipatia zote, ile nadharia yetu inakaa vibaya. Akipatia tatu za Kyela na kukosa moja, bahati tupu ingempa matokeo hayo au bora zaidi mara 17 kwa 70, karibu asilimia 24. Hapo hatuna la kumkubalia. Wala hatujathibitisha kwamba anabahatisha; labda sahani nane ni chache mno kuuonyesha ujuzi wake. Ule mpaka wa asilimia 5 mnaousikia vyuoni, kwamba bahati ikishuka chini yake nadharia ya kubahatisha inakataliwa, ni desturi tu.

Jaribio hili sikulibuni mimi. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliliandika mwaka 1935 huko Uingereza, na kilichoonjwa kilikuwa chai: je, maziwa yalitangulia kikombeni au chai? Mimi nimeweka wali kwa sababu hapa hakuna atakayegombana kwa ajili ya maziwa.

Niwaonye mahali wengi wanapoteleza, wenye shahada wakiwemo. Ile moja kwa sabini si uwezekano kwamba mama anabahatisha. Chukua abiria 70 wa gari la Mbagala wasiojua mchele wowote, wape mtihani huu. Kwa wastani mmoja atapatia zote nane. Ukimleta huyo mmoja tu mbele yangu na kuwaficha 69, nitampa cheti. Ndiyo maana nikisoma tangazo la dawa iliyofaulu jaribio, swali langu la kwanza ni yamefanywa majaribio mangapi.

Chai bado haijaiva, kwa hiyo tusikae bure. Nyuma kule kuna sahani nane zimefunikwa. Kura ya mpangilio nimeipiga kwa vikaratasi kwenye barakashia, na anayegawa hajui ipi ni ipi. Nimewaomba wapishi chumvi na mafuta viwe sawa kote; mkiona tofauti ya macho, semeni kabla hatujaanza. Haya, wa Kyela mko wapi?